Uzi: Farasi wangu mzee amepukutisha manyoya baada ya kupewa mitishamba. Je, ni dawa, au kuna sababu nyingine?

MkulimaTimau (chapisho la 1)

Salamu, wanachama. Nina farasi jike wa miaka 22 aliyestaafu kazi ya kubeba watalii, ambaye sasa anakaa shambani kwetu Timau. Mwaka jana manyoya yake yalirefuka na kujikunja kama ya kondoo, yakakataa kupukutika hata jua lilipokuwa kali. Misuli ya mgongo ilipungua huku tumbo likining'inia, na akawa anamaliza ndoo za maji kwa kasi ambayo hatukuizoea. Daktari aliyempitia alisema kwamba dalili hizo zinafanana na ugonjwa wa Cushing, akataja vidonge vya pergolidi, ambavyo kwangu mimi ni ghali na lazima viagizwe kutoka mbali. Kabla sijaamua, ndugu yangu aliye Uingereza aliniletea unga wa matunda ya Vitex agnus-castus, mmea ambao huko unauzwa kama kirutubisho cha farasi wazee. Nimekuwa nikiuchanganya na chakula chake cha asubuhi, na sasa manyoya ya zamani yameondoka karibu yote, naye amechangamka; hata saisi wangu anasema kwamba ameamka. Dai langu ni kwamba mitishamba hii imefanya kazi. Mwenye hoja ya kupinga naomba aieleze kwa ushahidi, kwa sababu wapo wafugaji wenzangu wanaosubiri kuona nitafanya nini.

SaisiWaNgong (chapisho la 2)

Mzee wa Timau, hongera kwa kumtunza mnyama hadi umri huo. Mimi nimetunza farasi tangu ujana wangu, mabandani karibu na uwanja wa mbio wa Ngong, na nimeona farasi wengi wenye manyoya marefu ambao hawakuwa na ugonjwa wowote wa tezi. Timau ni mahali pa juu, usiku wake ni baridi kali, na farasi yeyote wa huko hufuga manyoya mazito. Tena farasi mwenye minyoo hukonda mgongo na kuota tumbo vilevile ulivyoeleza. Je, katika kipindi hicho hicho hukumpa dawa ya minyoo?

DaktariNakuru (chapisho la 3)

Kabla uzi huu haujaenda mbali, ni vizuri tukubaliane kuhusu ugonjwa wenyewe, maana jina lake linapotosha. Harvey Cushing, daktari wa Marekani aliyekuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo, alieleza ugonjwa wa binadamu. Kwa farasi tatizo liko katika sehemu ya kati ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Sehemu hiyo kwa kawaida hudhibitiwa na neva zinazotoka haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu ya tezi hiyo, na kutoa dopamini, kemikali ambayo neva hutumia kupashana ujumbe. Farasi anapozeeka neva hizo huweza kuharibika, breki ikaisha, na seli za sehemu ya kati zikaongezeka na kutoa homoni kupita kiasi, ikiwamo ile tunayoipima, yaani ACTH. Kotisoli, homoni ya msongo ambayo watu wengi huitaja mara tu wanaposikia jina la Cushing, mara nyingi huwa ya kawaida kwa farasi hawa.

Ugonjwa wenyewe si nadra. Kwa farasi waliozidi miaka 15, tafiti zimeonyesha kwamba takriban mmoja kati ya watano huwa nao. Kwa hiyo Mzee wa Timau ana sababu nzuri ya kuushuku. Hata hivyo sijaona katika maelezo yake kwamba damu ilipimwa. Bila kipimo cha ACTH cha kabla na cha baada, tunajadili dawa ya ugonjwa ambao haujathibitishwa.

Kuhusu hoja ya SaisiWaNgong, nakubali sehemu yake. Minyoo hukondesha, lakini haimzuii farasi kupukutisha manyoya kiasi kile, wala haielezi unywaji wa maji mengi. Isitoshe, farasi wenye ugonjwa huu kinga yao hudhoofika na wao ndio hubeba minyoo mingi zaidi, kwa hiyo mambo hayo mawili yanaweza kuwapo pamoja.

BintiMaskati (chapisho la 4)

Asalaam aleikum. Huku Oman wazee wetu huwapa farasi uwatu, hasa wanaokonda, na hakuna anayeuita dawa ya tezi. Ni chakula cha kurudisha hamu na mwili. Nimeandika kwa sababu ya tahadhari moja. Mmea anaoutaja Mzee wa Timau kwa Kiarabu huitwa kaff Maryam, lakini jina hilo hilo hutumika kwa mmea mwingine kabisa wa jangwani, ule mkavu uliojikunja kama ngumi ambao wanawake huuloweka majini wakati wa kujifungua. Ukimwagiza mtu sokoni, huenda akakuletea huo wa pili, ambao hauna uhusiano wowote na Vitex. Mwenye kuagiza aangalie jina la kisayansi lililoandikwa kwenye mfuko.

ZuhuraLancaster (chapisho la 5)

Nawasalimu kutoka kaskazini mwa Uingereza, ambako nafanya kazi katika zizi la farasi wa kupangishiwa. Unga huo wa Vitex naujua vizuri, kwani kila mwaka kuna mwenye farasi anayeuleta. Naomba niweke mezani jambo ambalo wauzaji hawaliandiki kwenye mfuko. Mwaka 2002 watafiti wa Pennsylvania waliwasilisha, kwenye mkutano wa madaktari wa farasi wa Marekani, matokeo ya kulinganisha dondoo ya Vitex na pergolidi kwa farasi wenye ugonjwa huu. Hitimisho lao lilikuwa kwamba Vitex haikuwasaidia farasi hao, ilhali pergolidi ilisaidia.

Wapo wanaojibu kwamba mwaka 2013 kulichapishwa kazi nyingine Ujerumani iliyoripoti kuboreka kwa dalili kwa farasi waliopewa maandalizi ya mmea huo huo. Nami sipuuzi hilo. Lakini dalili zinazoangaliwa kwa macho, hasa manyoya, hubadilika pia kwa sababu ya majira, lishe na uangalizi, na mwenye farasi anayelipia unga kila mwezi huwa na hamu kubwa ya kuona mabadiliko.

Zizini kwetu kuna farasi mdogo aliyepewa unga huo kwa majira mazima ya kiangazi. Manyoya yakapungua, mwenyewe akafurahi, na vuli ilipofika kwato za mbele zikapata laminaitisi, yaani uvimbe wa ndani ya kwato, mbaya kiasi kwamba hakuweza kusimama. Alipoanza pergolidi na kubadilishiwa nyasi, aliinuka. Namkumbuka kila ninaposikia mtu akisema kwamba manyoya yamepukutika, basi mambo yamekwisha.

MkulimaTimau (chapisho la 6)

Nashukuru kwa majibu. SaisiWaNgong, dawa ya minyoo alipewa, kwa kuwa farasi wote wa shambani hupewa pamoja. Wenzake walibaki vile vile; yeye ndiye aliyebadilika. Daktari, damu ilitolewa mara moja, lakini maabara ikasema kwamba sampuli ilifika ikiwa imeharibika, na sikuirudia. Dada Zuhura, huyo wa kwenu aliugua kwato, wangu hajawahi kuchechemea, na ndiyo maana naona kwamba hali zao hazilingani.

MimeaMorogoro (chapisho la 7)

Mimi ni mtu wa mimea, si wa farasi, kwa hiyo nitajibu upande ninaoufahamu. Vitex agnus-castus haijachaguliwa kwa kubahatisha. Watafiti wa Göttingen nchini Ujerumani walionyesha maabara kwamba baadhi ya kemikali zake za kundi la diterpeni hushikamana na vipokezi vya dopamini vya aina ya D2 na kupunguza utoaji wa prolaktini, homoni inayojulikana zaidi kwa kuleta maziwa. Kama tatizo la farasi ni upungufu wa dopamini, kama alivyoeleza Daktari, basi wazo lina mantiki, na wanaolitetea si wajinga. Swali ni kama kiasi kinachofika kwenye tezi ya mnyama wa kilo 500, baada ya kupita tumboni, kinatosha kufanya lolote.

Lakini kuna jambo linalonitatiza katika ushahidi wa Mzee wa Timau. Kwa farasi mzima, kupanda kwa prolaktini ni miongoni mwa ishara zinazoamsha kupukutika kwa manyoya siku zinapoanza kurefuka. Mmea unaopunguza prolaktini ungetarajiwa kuchelewesha kupukutika, si kuharakisha. Utasema kwamba pergolidi nayo hupunguza prolaktini na bado manyoya ya wagonjwa huboreka, na ni kweli, kwa sababu manyoya ya ugonjwa huu yana kasoro yake: vinyweleo hubaki katika hatua ya kukua bila kupumzika. Kwa hiyo, ama unga umetuliza tezi yenyewe, ama haukuhusika kabisa na manyoya. Maelezo ya katikati siyaoni.

Jambo la pili, na hili nawaambia ndugu zangu wa pwani: mfudu au mfuru wetu, ule wenye matunda meusi ambayo watoto hula hadi midomo ikabadilika rangi, uko katika jenasi hiyo hiyo ya Vitex. Tayari kuna mtu aliyeniandikia faragha akiuliza kama anaweza kukausha fuu na kumpa farasi wake. Kuwa wa ukoo mmoja hakumaanishi kuwa na kemikali zile zile kwa kiwango kile kile.

SaisiWaNgong (chapisho la 8)

MimeaMorogoro, umetukumbusha fuu, na sasa nusu ya wanachama wataacha uzi waende kutafuta mti. Nina swali la kweli hata hivyo. Upupu unajulikana kuwa na kemikali inayogeuka dopamini mwilini, na nimesikia kwamba binadamu wenye ugonjwa wa Parkinson hupewa mbegu zake. Ikiwa farasi huyu amepungukiwa dopamini, kwa nini tuagize unga kutoka Ulaya wakati upupu unaota kando ya mashamba yetu?

DaktariNakuru (chapisho la 9)

Mzee Saisi, hoja yako ni nzuri kuliko unavyodhani, na kwa sababu hiyo inahitaji jibu kamili. Mbegu za upupu zina L-dopa kwa wingi, na hilo halina ubishi. Ila L-dopa si dopamini. Ni malighafi ambayo mwili lazima uigeuze, na kwa farasi huyu neva zilizokuwa zikifanya kazi hiyo mahali panapohusika ndizo zilizoharibika. Pergolidi haihitaji kugeuzwa, huenda moja kwa moja kwenye kipokezi. Zaidi ya hapo, mbegu mbichi za upupu zimewadhuru kuku na nguruwe zilipotumika kama chakula, na hakuna kipimo cha farasi ambacho ningethubutu kukiandika hapa. Vinyweleo vya maganda yake sina haja ya kuvieleza kwa mtu aliyewahi kuvigusa.

Niongeze onyo kuhusu susu, mzizi mtamu unaoingizwa katika baadhi ya michanganyiko ya mitishamba. Kemikali yake huzuia kimeng'enya kinachoizima kotisoli kwenye figo, hivyo kotisoli hupata nguvu zaidi na mwili hupoteza potasiamu. Kwa mgonjwa wa homoni ni mzigo juu ya mzigo.

PundaLamu (chapisho la 10)

Naomba kuingia, ingawa sina farasi. Lamu tuna punda kuliko magari, na zahanati ya punda iliyoanzishwa hapa mwaka 1987 imetufundisha mengi. Nina punda mzee mwenye manyoya yaliyoshikana ubavuni, naye ameanza kukonda. Je, haya yanayosemwa juu ya farasi yanamhusu, na je, naweza kumwanzishia mitishamba wakati nikisubiri kumpeleka?

DaktariNakuru (chapisho la 11)

Punda hupata ugonjwa huu pia, lakini manyoya yao kwa asili ni marefu na hupukutika kwa kuchelewa, kwa hiyo dalili ya manyoya peke yake haitoshi, na viwango vya ACTH vya punda mzima havilingani na vya farasi. Jambo la kuogopa zaidi ni hili: punda anayeacha kula, kwa sababu yoyote ile, anaweza kujaza mafuta katika damu na kufa kwa muda mfupi. Pergolidi yenyewe hupunguza hamu ya kula kwa baadhi ya wanyama mwanzoni, na unga mchungu uliochanganywa na chakula unaweza kufanya vivyo hivyo. Usimwanzishie kitu. Anza na meno, kwani punda mzee anayekonda mara nyingi ana meno mabovu, kisha mpeleke.

KijanaGilgil (chapisho la 12)

Naona wote mnaisifu pergolidi kana kwamba haina doa. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2007 kwa sababu iliharibu vali za moyo. Kama si salama kwa mtu, itakuwaje salama kwa farasi? Katika hali hiyo, mmea unaoliwa kwa karne nyingi ni chaguo la busara zaidi.

ZuhuraLancaster (chapisho la 13)

Kijana wa Gilgil, mwaka umeutaja sawasawa, lakini umeacha nusu ya habari. Iliyoondolewa ilikuwa ya wagonjwa wa Parkinson, ambao walikuwa wakimeza hata miligramu 3 kwa siku katika mwili wa kilo 70 hivi. Farasi wa kilo 500 huanza na miligramu 1, yaani mikrogramu 2 kwa kila kilo. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha kidonge maalumu cha farasi, kiitwacho Prascend, na ndicho tunachokitumia zizini.

Hatari ambayo inapaswa kutajwa zaidi ni ya anayekitoa. Kidonge hakisagwi, kwa sababu vumbi lake humfikia mtu, na mwanamke mjamzito au anayenyonyesha avae glavu. Nimeona masaisi wakikiponda kwa jiwe ili kichanganyike na pumba, nao hawakuwa wameambiwa lolote. Afadhali kifichwe ndani ya kipande cha tufaha, kisha mtu asimame hapo mpaka kimemezwa.

MwalimuNanyuki (chapisho la 14)

Nimesoma uzi wote, na nadhani mmeruka jambo lililo wazi kwa sisi tunaoishi juu ya Ikweta. Ninyi wa Ulaya mnasema ACTH hupanda wakati wa vuli hata kwa farasi wazima, ndiyo maana viwango vya Agosti hadi Oktoba vina jedwali lake. Kupanda huko kunafuata kufupika kwa mchana. Hapa kwetu mchana hautofautiani ila kwa dakika chache mwaka mzima. Je, jedwali lililotengenezwa Uingereza litasomwaje kwa farasi wa Timau? Kwa mantiki hiyo hiyo, farasi wetu hana kiangazi cha kumwambia apukutishe manyoya. Anafuata zaidi baridi, lishe na mvua. Mwaka huu mvua zilichelewa, joto likadumu, na farasi wangu wawili ambao hawajawahi kuonja unga wowote wamepukutisha manyoya kwa wingi kuliko kawaida.

MkulimaTimau (chapisho la 15)

Mwalimu, hoja ya joto naipokea, lakini joto hilo hilo liliwapata farasi wangu wote, na mwaka jana joto lilikuja bila yeye kupukutisha hata unyoya. Kitu kilichobadilika kwake peke yake ni unga, na nyasi kavu, kwa kuwa tulimtenga na wenzake ili apate chakula chake bila kunyang'anywa.

MamaMalisho (chapisho la 16)

Hapo hapo kwenye nyasi ndipo nilipokuwa nikisubiri mfike! Mzee, umemtoa kwenye malisho ya Timau ukamweka kwenye nyasi kavu, halafu unaupa unga sifa zote. Malisho ya nyanda za juu, hasa ya nyasi za kizungu kama raigrasi, hukusanya sukari nyingi, kwa sababu jua la mchana hutengeneza sukari na baridi ya usiku huzuia majani kukua na kuitumia. Nyasi za joto kama Boma Rhodes hazihifadhi sukari hiyo, iitwayo fruktani, kwa namna hiyo. Farasi mwenye ugonjwa huu ambaye insulini yake pia imepanda ndiye anayeko katika hatari kubwa ya laminaitisi, na kumpunguzia sukari humbadilisha mwili mzima: huchangamka, hutembea vizuri, mafuta ya juu ya macho hupungua. Yule saisi wako akisema kwamba ameamka, mimi ninaona nyasi, sioni unga.

Nami sisemi hili kwa kubuni. Jirani yangu alikuwa na farasi aliyekuwa akipewa mdalasini, manjano na siki kila asubuhi, pamoja na ndoo ya chakula cha ng'ombe wa maziwa chenye molasi. Tulipoiondoa molasi na kuanza kuloweka nyasi kavu kwenye maji baridi, tukiyamwaga maji kabla ya kumpa, farasi aliacha kuchechemea. Mdalasini uliendelea, na hadi leo jirani anaamini ni mdalasini.

MimeaMorogoro (chapisho la 17)

MamaMalisho, nyasi zinaeleza uchangamfu, lakini sidhani kwamba zinaeleza manyoya. Farasi mwenye insulini nyingi bila tatizo la pituitari hafugi manyoya ya namna ile. Ukiondoa sukari utapunguza insulini, lakini tezi itabaki ilivyo.

MamaMalisho (chapisho la 18)

Nakubali kwamba manyoya ni suala la tezi. Lakini nani amethibitisha kwamba farasi huyu ana tatizo la tezi? Sampuli iliharibika. Tunaloweza kusema kwa uhakika ni kwamba alikuwa mzee, mnene tumboni, mwenye kiu, na anayeishi kwenye baridi.

DaktariNakuru (chapisho la 19)

Basi turudi kwenye damu. Mzee wa Timau, sampuli ya ACTH huharibika haraka, kwa hiyo itolewe katika chupa yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, iwekwe kwenye ubaridi mara moja, na plazima, yaani majimaji ya damu, itenganishwe siku hiyo hiyo kabla ya kusafirishwa. Wakati huo huo pimeni insulini. Ikiwa jibu litakuwa la katikati, kipo kipimo cha TRH, homoni inayoichochea tezi hiyo, ambapo homoni hiyo hudungwa mshipani na damu hutolewa baada ya dakika 10. Kipimo hicho kinasaidia pia kwa hoja ya Mwalimu, maana kinaangalia tezi inavyoitikia, hakitegemei jedwali la kawaida la majira peke yake.

Kuhusu unga, sitakwambia uumwage. Ningependa tu uache kuutoa kwa muda, farasi abaki kwenye nyasi zile zile, ili damu ipimwe bila unga, kisha uurudishe tupime tena.

BintiMaskati (chapisho la 20)

Na ukiacha, usimwachishe na uwatu kama anaupata, ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja.

MkulimaTimau (chapisho la 21)

Uwatu hapati. Nimeelewana na daktari wetu kuhusu damu, naye atakuja na sanduku la barafu. Kuhusu kuacha unga, nyumbani kwangu hatujakubaliana. Mke wangu, ambaye ndiye anayemlisha, anasema kwamba mnyama aliyepata nafuu hachezewi kwa ajili ya kuridhisha watu wa mtandaoni, na saisi yuko upande wake.

SaisiWaNgong (chapisho la 22)

Mama wa Timau namwelewa kabisa, na mimi ningesema kama yeye. Ila nauliza: dawa ya minyoo mliyotumia ilikuwa ya aina gani, na farasi huyo alipewa kwa uzito wake halisi au kwa makadirio ya macho? Wenzake kubaki vile vile hakunishawishi, kwa sababu Daktari mwenyewe amesema kwamba mgonjwa ndiye hubeba minyoo mingi.

KijanaGilgil (chapisho la 23)

Na mimi bado sijajibiwa kuhusu gharama. Vidonge hivyo ni vya kila siku hadi farasi afe. Mwenye farasi watano wazee afanyeje?

ZuhuraLancaster (chapisho la 24)

Hata huku swali hilo linaumiza watu, Kijana. Wasiomudu hubaki na matunzo ya kawaida: nyasi zisizo na sukari nyingi kama alivyosema MamaMalisho, kunyoa manyoya ili mnyama asitokwe jasho kupita kiasi, meno kuangaliwa, kwato kukatwa kwa ratiba, na kuwahi kila jipu la kwato. Wengine huongeza Vitex juu ya hayo. Mimi siwezi kuwaambia kwamba Vitex ndiyo iliyosaidia, wala siwezi kumkataza mtu ambaye tayari amefanya hayo mengine yote.